Ongezeko

Walikuja tulipofungua mwaka, wakarudi baada ya miaka mitatu
na mtihani uleule, saa moja na nusu.
"Toa cha mwanzo kwenye cha mwisho," alisema mgeni wa mradi,
"kinachobaki ndiyo kazi ya chuo."
Nchi tisa zilipangwa kwa alfabeti, sisi tukawa mkiani,
na kuna waliocheka kabla hata ya kupimwa.

Mimi niligawa namba za siri.
Chumba cha kompyuta, Shangani, Mtwara, madirisha ya kaskazini,
feni mbili, moja ikizunguka kwa hisani.

Swali la saba lilihusu chumvi
inayomwagwa barabarani theluji ikianguka:
je, manispaa iipunguze? Toa sababu.
Siwema Chipwaza akanyoosha mkono.
"Mwalimu, ni chumvi hii hii?"
Mama yake hukwangua chumvi Mikindani,
visigino vimepasuka kama ardhi ya kiangazi.
Sikuruhusiwa kujibu. Nikamwambia, "Soma swali."
Akasoma. Akajaza ukurasa mzima:
bei ya debe,
nani atanunua itakayobaki,
kibarua gani atarudishwa nyumbani kwanza.
Mwongozo wa kusahihisha ulitafuta neno moja, mazingira.
Nilimpa alama moja kati ya sita.
Mkono wangu ndio ulioandika ile moja.

Mizani naijua, nimekulia Tandahimba.
Ghalani korosho hupimwa na maganda yake,
kisha mtu huchota konzi moja, akazipasua kwa kisu,
akakuambia gunia zima lina nini ndani.
Baba hakuwahi kubishana na mizani.
Alibishana na aliyechagua konzi.

Matokeo yalifika Oktoba, minada imeshaanza.
Sisi wa tatu! Wa tatu kati ya tisa, kwa ongezeko.
Tuliwapita watu wenye maktaba za ghorofa sita.
Mkuu wa chuo akaagiza soda na bango,
bango likakosewa herufi, likachapwa upya,
na mimi nilipiga makofi, sikatai.

Usiku nikafungua faili la namba.
Walioingia, mia mbili na kumi na wawili.
Waliotoka, mia moja arobaini na mmoja.
Nikahesabu tena, kwa kidole, kama mtoto.
Namba thelathini na nane alikuwa Ajali Nambunga,
aliyeandika polepole, ulimi nje,
akaondoka mwaka wa pili ada ilipogoma.
Siku hizi anapuliza salfa kwenye mikorosho ya watu.
Alama zake za mwanzo zimo, zinavuta wastani chini.
Za mwisho hazimo.
Basi tulipanda kama linavyopanda lori
springi zikinyanyuka, mzigo ukishushwa.
Lori halijaongezeka kitu.

Niliandika barua: ongezeni safu moja tu,
muiite Hawapo, na kila nchi ijaze yake.
Wakajibu siku hiyohiyo, kwa adabu sana,
kwamba wazo ni zuri na jedwali limeshafungwa.

Siwema alikuwa amebaki.
Nilitafuta karatasi yake ya pili, swali la saba,
theluji ileile, manispaa ileile.
Mistari miwili, safi, imenyooka:
mazingira, na neno "endelevu" kwa nyongeza.
Sita kati ya sita.
Debe halimo. Kibarua hayumo.
Alama tano za ongezeko la taifa
zilitoka kwenye ukurasa ule uliofupishwa.

Nilimkuta kwenye korido, joho la kuazima mkononi.
Nikamuuliza, ile chumvi ilikwenda wapi?
Akacheka, akatazama kama mlango umefungwa.
"Mara ya kwanza nilidhani wanauliza, mwalimu."
Akahamisha joho bega la pili.
"Debe sasa ni elfu nne na mia tano.
Mama anasema watashusha tena wiki ijayo."